Peugeot 404 ya Safari: Je, Bunia Ijenge Nakala Yake?

Mashindano ya ustahimilivu ya magari hutanguliza swali moja mbele ya kasi: gari lipi litafika? Huko Le Mans, Ufaransa, swali hilo hujibiwa kwa saa 24 za kuzunguka kwenye lami. Afrika Mashariki lilijibiwa barabarani. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya 1960 madereva walikwenda karibu kilomita 5,000 katika siku chache za Pasaka, kwenye vumbi, tope na mito iliyofurika, huku ng'ombe, malori na mabasi wakitumia barabara hiyo hiyo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Mara zote mbili lililotangulia lilikuwa Peugeot 404, na dereva alikuwa Nick Nowicki. Katikati ya ushindi huo, Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967, naye kwa 404.

Njia ya Safari haikuvuka mpaka kuingia Kongo, lakini gari lenyewe lilivuka. Peugeot 404, na 504 iliyoifuata mwaka 1968, zilibeba abiria na mizigo katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Ndipo inapotoka hoja inayojadiliwa hapa: gereji ya Bunia, katika jimbo la Ituri, ijenge nakala ya Peugeot 404 ya Safari kwa mikono ya mafundi wa hapo hapo.

Sauti tatu zinaipima hoja hiyo. Mtetezi anataka gari lijengwe. Mpinzani anaona ni kupoteza pesa na kughushi historia. Fundi hajali sana kama lijengwe. Anachouliza ni kama linajengeka.

Ni nini hasa kinachonakiliwa?

Mpinzani: Thamani ya gari la mashindano ni yale lililoyapitia. Lilivuka mto fulani, usiku fulani, likiwa na watu wawili waliochoka ndani yake. Nakala haina usiku huo. Kibaya zaidi, nakala inaweza kushinda pale ambapo asili ilishindwa, na mfano upo. Porsche 911 ilishiriki Safari ya zamani bila kushika nafasi ya kwanza hata mara moja. Björn Waldegård alimaliza wa pili nayo mwaka 1974, na Vic Preston Jr. naye akawa wa pili mwaka 1978. Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, yalianzishwa mashindano ya magari ya kale yanayoitwa East African Safari Classic. Humo Waldegård huyo huyo alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911 iliyoandaliwa upya Uingereza, na Stig Blomqvist akashinda mwaka 2015 kwa gari la aina hiyo hiyo. Kijana anayeona picha hizo leo ataamini kwamba Porsche ndiyo iliyotawala Safari. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mtetezi: Lawama hiyo inamhusu anayesimulia vibaya, anayejenga hana kosa. Tena magari ya Safari hayakuwa kama ya Le Mans. Ford GT40 ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mbio, na anayetaka nakala yake hana budi kutengeneza umbo zima upya. Gari la Safari lilitoka dukani. Katika mashindano ya kwanza magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, ili mnunuzi aone pesa yake ingemfikisha wapi, na lililopata adhabu chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen ya Alan Dix, gari dogo ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, mtu aliyekulia kwenye ufundi wa magari, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Kilicholitofautisha gari la Safari na la jirani ni maandalizi: kile walichokifanya mafundi wiki chache kabla ya Pasaka. Basi kinachonakiliwa ni maandalizi hayo.

Fundi: Tofauti hiyo inarahisisha kazi, kwa sababu inaligawa gari pande mbili. Upande mmoja ni vitu vya kiwandani: bodi, injini, giaboksi, difu. Hivyo havitengenezwi Bunia, lazima vitafutwe. Upande wa pili ni vitu vilivyoongezwa gereji: bamba la chini, viimarisho vya bodi, tangi la pili, taa, vishikio, kamba. Hivyo vyote vinatengenezeka Bunia, na vingine tayari vinatengenezwa kila wiki kwa malori na Land Cruiser zinazokwenda machimboni.

Kwa nini 404 na si gari jingine?

Orodha ya washindi wa Safari inatoa magari mengi ya kuchagua. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ford Escort RS1600 ya Hannu Mikkola ilishinda mwaka 1972, ushindi wa kwanza wa dereva kutoka ng'ambo. Mitsubishi Colt Lancer ilimpa Joginder Singh ushindi mwaka 1974 na 1976.

Mtetezi: 404 ilishinda mara nne katika miaka sita, na ushindi wake ulikuwa wa madereva waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki. Hakuna gari linaloeleza vizuri zaidi enzi ambayo kuijua barabara kulishinda pesa za kiwanda.

Fundi: Escort ile ilikuwa na injini ya vali 16, iliyotengenezwa kwa mbio, na kuirekebisha kunahitaji vifaa ambavyo gereji ya kawaida haina. 240Z ina silinda sita na lita 2.4, na bodi yake ni adimu. Injini ya 404 ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, vali zake ni nane, na fundi aliyezoea injini za zamani anaielewa siku ya kwanza anapoifungua.

Mpinzani: Kuielewa si kuipata. Bunia ni mji wa Toyota na pikipiki. Anayetafuta 404 leo atakuta mabaki yaliyoliwa na kutu nyuma ya nyumba, yamekatwa milango na kung'olewa injini miaka mingi iliyopita. Kama nia ni kufundisha, 504 ingefaa zaidi. Nayo ilishinda Safari: Ove Andersson mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 kwa 504 ya umbo la kupé yenye injini ya silinda sita. Zaidi ya hayo, 504 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi miaka ya 2000, kwa hiyo vipuri vyake havijapotea sokoni.

Mtetezi: Hoja hiyo inakubalika nusu. Bodi nzima ya 404 isipopatikana, ni afadhali kujenga 504 inayojulikana kuwa 504 kuliko kubandika sura ya 404 juu ya kitu kingine. Lakini utafutaji uanze na 404.

Fundi: Kuna njia ya kati yenye mtego. Injini ya 504 ya lita 1.8 inatokana na ukoo wa injini ya 404, na wapo waliokwisha kuhamisha injini za aina hiyo kutoka gari moja kwenda jingine. Gari litawaka na litakuwa na nguvu kuliko awali, lakini halitakuwa tena 404 ya Safari. Uamuzi huo ufanywe mapema na uandikwe, usifichwe chini ya boneti.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kazi huanza na bodi, kwa sababu 404 haina fremu tofauti. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Hung'olewa vyote, hukwanguliwa rangi na kutu hadi bati litokee, kisha hukaguliwa sakafu, nguzo za milango, na mahali pa kufungia springi na shokamzoba. Safari ilivunja magari hasa kwenye sehemu hizo. Watengenezaji wa zamani walichomelea upya maungio ambayo kiwandani yaliunganishwa kwa nukta chache tu, na wakaongeza vibati pembeni mwa sehemu zinazobeba uzito.

Fundi: Hapa Bunia ina nguvu na ina udhaifu. Wachomeleaji wapo, wengi na hodari, lakini wamezoea chuma kinene cha malori. Bati la bodi ni jembamba. Moto ukizidi linatoboka au linajikunja, na milango haifungi tena. Kabla ya kuchomelea chochote, bodi ifungwe sawasawa na vipimo vyake vya pembe kwa pembe vichukuliwe, kisha vichukuliwe tena baada ya kila mshono mrefu.

Baada ya bodi huja injini. Injini ya 404 imelazwa kwa nyuzi 45 upande mmoja ili boneti iwe ya chini. Silinda zake hazikutobolewa ndani ya bloku. Ni slivu za chuma zinazochomekwa, na maji ya rejeta yanazigusa moja kwa moja. Mpango huo ulikuwa wa manufaa makubwa mbali na miji mikubwa: slivu iliyoisha hung'olewa pamoja na pistoni yake, mpya ikawekwa, bila kuipeleka bloku kwenye mashine ya kuchonga.

Fundi: Manufaa hayo yana sharti. Mdomo wa kila slivu lazima uchomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita, na zote nne zilingane. Chini ya slivu hukaa gasketi nyembamba inayorekebisha kimo hicho. Slivu moja ikikaa chini kuliko wenzake, silinda hedi haiibani, maji yanaingia kwenye oili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kidole hakitoshi kuipima tofauti hiyo. Inatakiwa geji ya saa. Mwanafunzi atakayeweka slivu nne kwa kimo kimoja atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa kwenye injini nyingi za malori, ambazo nazo hutumia slivu za aina hiyo.

Difu ya 404 nayo ni ya pekee. Parafujo ya chuma huzungusha gurudumu la shaba, na propela imefungwa ndani ya bomba linaloishia kwenye difu. Sehemu hizo ni imara zikipewa oili sahihi, na ni ghali zikiharibika, kwa sababu gurudumu la shaba haliazimwi kutoka gari jingine.

Mwisho huja maandalizi ya Safari yenyewe. Bamba nene hufungwa chini ya injini kuilinda na mawe. Springi huinuliwa ili gari lipite juu ya matuta ya katikati ya barabara. Tangi la ziada huwekwa nyuma, pamoja na magurudumu mawili ya akiba. Taa kubwa huongezwa mbele. Kwenye buti na bampa ya nyuma hufungwa vishikio na mahali pa kukanyaga: gari liliponasa kwenye tope, msaidizi wa dereva alisimama hapo na kurukaruka ili uzito wake uyape magurudumu ya nyuma nguvu ya kushika ardhi. Kitu kidogo kama hicho, ambacho mgeni hudhani ni pambo, kinaeleza Safari kuliko rangi na namba za mlangoni.

Mpinzani: Orodha hiyo imeacha yale ambayo zama zile hazikuyajali. Magari mengi ya mwanzo yalikimbia bila mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka, na mikanda yake ilikuwa dhaifu. Nakala ikifuata asili kikamilifu itakuwa hatari. Ikiongezewa usalama haitakuwa nakala kamili.

Mtetezi: Mashindano ya magari ya kale duniani yamekwisha kulijibu hilo. Mabomba ya kinga, mikanda ya kisasa na kizima moto hukubaliwa, hata hulazimishwa, bila gari kupoteza nafasi yake. Usalama ni tofauti inayoonekana wazi, na tofauti inayoonekana haimdanganyi mtu.

Pesa, barabara na amani

Mpinzani: Ituri iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu Mei 2021. Barabara ya taifa namba 27, inayotoka Komanda kupitia Bunia kwenda Mahagi, imeshuhudia mashambulizi ya makundi yenye silaha na vifo vya wasafiri. Katika mji unaohifadhi wakimbizi wa ndani, gari la maonyesho ni anasa. Pesa hizo zingefufua gari la wagonjwa au zingenunua vifaa vya shule ya ufundi. Isitoshe, gari la ustahimilivu lisilo na barabara ya kujaribiwa ni sanamu tu.

Mtetezi: Gari la wagonjwa na nakala havitoki mfuko mmoja. Anayefadhili nakala ni mtu mwenye mapenzi na magari, kama wafanyabiashara wa dhahabu na wa mafuta wanavyofadhili timu za mpira. Swali la haki ni hili: pesa zake zikishatumika, mji unabaki na nini? Ikinunuliwa Porsche iliyotengenezwa Ulaya, mji unabaki na gari moja. Ikijengwa 404 Bunia, mji unabaki na gari moja pamoja na vijana wanaojua kupima bodi, kuweka slivu na kusuka nyaya za umeme kwa kufuata mchoro. Kwa sasa sehemu kubwa ya ufundi gerejini hujifunzwa kwa kubadilisha kipuri kibovu kwa kizima. Nakala hulazimisha kuelewa, kwa sababu kipuri kizima mara nyingi hakipo.

Fundi: Safari ndefu si lazima kwa majaribio. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari, na Ziwa Albert liko zaidi ya mita 600 chini yake. Mteremko wa kwenda Kasenyi, kando ya ziwa hilo, siku ambayo njia ni salama, unatosha kujua kama breki za ngoma zinachemka, na kuupanda tena kunatosha kujua kama rejeta inatosha. Hewa ya Bunia ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa Mombasa itamwaga mafuta kupita kiasi. Jeti ndogo zaidi inahitajika. Safari yenyewe ilikuwa na tatizo hilo, kwa kuwa njia ilitoka usawa wa bahari ikapanda hadi nyanda za juu za Kenya. Jaribio la kilomita chache zilizochaguliwa vizuri linasema mengi.

Mpinzani: Na vipuri?

Fundi: Vingi vitatoka Kampala, kwa barabara ya Mahagi au kwa kuvuka Ziwa Albert, kama vinavyotoka vipuri vingine vya Bunia. Kila kimoja kitaongezewa usafiri, ushuru na siku za kungoja. Ndiyo maana orodha kamili iandikwe bodi ikiwa tupu. Anayeagiza kimoja kimoja hulipa nauli mara nyingi, na mradi hufia katikati.

Jina la gari na ukweli wake

Swali la uaminifu limewahi kufika mahakamani. Bentley Speed Six inayojulikana kama Old Number One ilishinda Le Mans mwaka 1929 na 1930. Baadaye ilibadilishwa mara kwa mara kwa ajili ya mbio nyingine, hadi sehemu chache sana za gari la awali zikabaki. Mwaka 1990 mauzo yake ya pauni milioni 10 yaligeuka kesi London, mnunuzi akidai kwamba gari alilouziwa si lile. Jaji alikubali kwamba vyuma vingi si vya 1930, lakini akaamua kwamba gari linastahili jina lake, kwa kuwa historia yake iliendelea bila kukatika na hakuna gari jingine lililoweza kulidai.

Mtetezi: Hukumu hiyo inaonyesha kwamba utambulisho wa gari unatokana na mfululizo wa historia yake, wala hautokani na vyuma peke yake.

Mpinzani: Kwa kipimo hicho hicho nakala ya Bunia haina hata chembe ya utambulisho huo. Inaanza leo. Na hatari iko mbele: mjenzi ni mwaminifu, mnunuzi wa pili ni mwaminifu, wa tatu anaanza kusema gari lilikuwa la Nowicki.

Mtetezi: Hatari hiyo huzuiwa kwa maandishi. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, hutoa pasipoti ya kiufundi kwa magari ya kale ya mashindano, na pasipoti hiyo huthibitisha kwamba gari linafuata muundo wa zama zake. Haithibitishi kwamba ndilo gari lililoshinda. Nakala ya Bunia inaweza kufuata kanuni hiyo bila kusubiri cheti cha mtu. Namba ya bodi iliyopatikana ibaki kama ilivyo. Kibati kichomelewe mahali pasipofichika, kikitaja mwaka na mji wa ujenzi. Daftari la kazi lioneshe kipi ni cha 404, kipi ni cha gari jingine, na kipi kimetengenezwa upya.

Fundi: Daftari hilo pia litaamua suala la usukani. Kongo huendesha kulia, Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. 404 itakayopatikana Kongo kwa kawaida itakuwa na usukani kushoto, na magari yaliyouzwa Afrika Mashariki yalikuwa nao kulia. Kuuhamisha kunamaanisha kukata ukuta wa mbele na kuhamisha pedali, yaani kudhoofisha bodi ambayo imeimarishwa kwa gharama. Usukani ubaki ulipo, na daftari liseme hivyo.

Mahali sauti zinapokutana

Mjadala haukumalizika kwa upande mmoja kuushinda mwingine, ila eneo la ubishi limepungua. Sauti zote tatu zinakubali kwamba nakala ya gari la Safari ni nakala ya maandalizi, na kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoweza kufanywa kwa ukamilifu Bunia. Zinakubali pia mpangilio wa kazi: bodi nzima itafutwe kwanza; isipopatikana, 504 ichukue nafasi kwa jina lake; vipuri viorodheshwe kabla ya kuagizwa; vipimo vichukuliwe kabla ya moto; na kila badiliko liandikwe.

Mpinzani anabaki na pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya wakati: mradi wa aina hii uanze tu pale barabara za majaribio na za kuleta vipuri zinapopitika bila kuhatarisha maisha. Ya pili ni ya umiliki: gari likifungiwa katika ua wa tajiri mmoja, hoja ya kufundisha inaanguka, na kinachobaki ni anasa aliyoikataa tangu mwanzo. Mtetezi anaikubali ya pili kuwa sharti, kwa maana kwamba wanafunzi wa ufundi wawemo tangu bodi inapokwanguliwa, na daftari liwe la shule hata kama gari ni la mfadhili. Kuhusu ya kwanza hana jibu, kwa sababu amani ya barabara haiamuliwi gerejini. Fundi anaongeza kwamba kungoja si lazima kuwe uvivu: injini ya mafunzo, geji ya saa na seti ya slivu vinatosha kuanza somo kabla bodi haijapatikana.